Majibu yasiyomaliza maneno: tathmini ya labo moja ya Kamalondo

Juu ya mlango pameandikwa neno moja tu, LABO, kwa rangi ya buluu iliyoanza kubanduka. Ndani mna chumba kimoja na nusu: benchi la wagonjwa, meza ya kuchomea kidole, na nyuma ya pazia darubini iliyowekwa karibu na dirisha ili mwanga wa jua usaidie umeme unapokatika. Ni dakika chache kwa miguu kutoka uwanja wa timu ya mpira ya TP Mazembe, katika mtaa wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, Kongo, katika barabara ya vumbi ambayo taksi hazipendi kuingia. Niliitumia mara tatu katika siku nne za mwezi wa sita, kwa ajili ya mama yangu. Ninaandika tathmini hii kwa kuwa siku ya kwanza ilinikasirisha, na kwa kuwa tangu hapo nimeifikiria kuliko huduma nyingine yoyote niliyowahi kuilipia katika mji huu.

Mama ana miaka 71 na anaishi Katuba, mtaa mwingine wa mji huu. Homa ilikuwa ikimpanda kila jioni, kichwa kilimgonga, na bukari, yaani ugali, aliisukuma kando bila kuigusa, jambo ambalo kwetu ni dalili nzito kuliko ile ya kipimajoto. Wiki tatu kabla ya hapo alikuwa ametibiwa malaria na kumaliza vidonge vyote. Kituo cha kwanza tulichokwenda, ambacho sitakitaja, kilitupa karatasi baada ya dakika ishirini: malaria, alama mbili za kujumlisha, Widal (kipimo cha homa ya matumbo), chanya, 1/160, na chini yake dawa za magonjwa yote mawili. Mjomba wangu aliipenda sana karatasi ile. Aliikunja vizuri akaitia mfukoni kama mtu aliyepewa hati ya kiwanja. Jirani yetu mmoja, muuguzi mstaafu, ndiye aliyetushauri turudie vipimo kwingine kabla ya bibi mzima kumeza dawa za malaria mara ya pili ndani ya mwezi mmoja, na ndiye aliyetuelekeza Kamalondo.

Huko tulisubiri saa moja na nusu. Karatasi tuliyopewa ilikuwa na maandishi ya mkono, yaliyosomeka vizuri, nami nayanakili hapa kwa sababu ndiyo bidhaa yenyewe ninayoitathmini: «Kipimo cha haraka: chanya. Tone nene: hakuna kimelea kilichoonekana katika nyuga 200. Kipimo cha haraka huweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya matibabu. Tone nene lirudiwe baada ya saa 12 hadi 24.» Tone nene ni tone la damu lililopakwa nene juu ya kioo na kusomwa kwa darubini, na uga ni duara moja linaloonekana kwa mtazamo mmoja. Nilikuwa nimelipia jibu moja, nikapewa mawili yanayogombana, pamoja na ombi la kulipia la tatu. Nilimwuliza laboranti, yaani mpimaji wa labo, labda kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili, kama mama ana malaria au hana. Alivua miwani akanijibu taratibu: «Mimi si docta, papa. Nimeangalia, sikuona. Kusema kwamba haiko, hiyo siwezi.»

Mimi hufundisha hesabu katika shule ya sekondari, kazi inayomzoesha mtu vibaya, kwa maana kila swali tunalowapa watoto jibu lake limekwisha kuchapishwa nyuma ya kitabu. Niliondoka nikiamini kwamba nimeibiwa. Ilinichukua jioni nzima ya kusoma, na kesho yake maswali mengi kwa yule laboranti ambaye kwa bahati ni mtu wa subira, kuelewa kwamba karatasi ile ilikuwa imeandika kwa uaminifu yote ambayo damu ya mama ilikuwa tayari kusema asubuhi ile, na kwamba ile ya kwanza ilikuwa imeongeza chumvi.

Tuanze na kipimo cha haraka, kile cha kijiti cha plastiki chenye mistari miwili. Watu wengi hudhani kinatafuta kimelea cha malaria. Kinachotafutwa hasa ni protini ambayo kimelea huiachia ndani ya damu, na katika vipimo vinavyotumika sana Afrika protini hiyo huitwa HRP2. Kimelea kikiuawa na dawa, protini haiondoki siku hiyo hiyo. Huendelea kuzunguka wiki kadhaa, kama moshi unaobaki katika nguo baada ya moto kuzimwa. Kwa hiyo mstari wa pili wa mama ungeweza kuwa ushahidi wa malaria ya leo, na ungeweza vilevile kuwa kumbukumbu ya malaria ya mwezi wa tano, na kijiti chenyewe hakina njia ya kutenganisha hayo mawili. Upande wa pili una hatari yake pia. Mwaka 2010 watafiti walieleza kwamba huko Peru kuna vimelea visivyo na jeni inayotengeneza HRP2, ambavyo mbele ya kijiti hupita kama mwizi asiye na kivuli. Tangu hapo vimeonekana pia katika nchi za Afrika, na Shirika la Afya Duniani huzitaka nchi zibadilishe aina ya kipimo pale ambapo vimelea hivyo vinafanya zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa wa malaria wasigunduliwe na kijiti.

Basi darubini, nilifikiri, ndiyo mwamuzi. Jicho halidanganywi na moshi. Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, aliviona vimelea kwa mara ya kwanza mwaka 1880 kule Constantine, Algeria, katika damu ya askari mgonjwa, na hadi leo hakuna ushahidi wa malaria unaoridhisha macho kuliko kukiona kimelea chenyewe kimetiwa rangi ya Giemsa, duara dogo la buluu lenye nukta nyekundu. Lakini hebu tupige hesabu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu. Mtu mzima ana karibu lita tano za damu, yaani mikrolita milioni tano. Nyuga 200 za tone nene, ambazo laboranti huzipitia moja baada ya nyingine kwa dakika nyingi za kuumiza shingo, hazijumlishi hata mikrolita moja. Aliyesoma damu ya mama alikuwa amesoma chini ya sehemu moja katika milioni tano ya kitabu, na aliandika kwamba katika kurasa hizo jina hakulikuta.

Tena kurasa zenyewe hazikuchanganywa sawasawa. Kimelea cha Plasmodium falciparum, ambacho ndicho kinachotawala kwetu, kinapokomaa huifanya chembe ya damu inayokibeba igande kwenye kuta za mishipa midogo ndani ya viungo vya mwili, kwa hiyo hakipatikani kidoleni ingawa kimo mwilini kwa wingi. Ndiyo sababu ya agizo la kurudia baada ya saa 12 hadi 24: kizazi kipya kikizaliwa, hutoka tena barabarani. Mimi nililiona kama ujanja wa kuuza kipimo cha pili, na ninakiri kwamba nililisema hivyo mbele ya watu kwenye benchi.

Hata tarakimu ambazo sisi watu wa hesabu huziheshimu zina dhana iliyofichwa ndani yake. Vimelea vikipatikana, laboranti huvihesabu pamoja na chembechembe nyeupe za damu, kisha huzidisha akichukulia kwamba kila mtu ana chembechembe nyeupe 8,000 katika mikrolita moja. Kila mtu! Mtoto mchanga, mchimbaji wa Kipushi, mama yangu mwenye homa ya siku tatu, wote 8,000. Inapoandikwa vimelea 2,400 kwa mikrolita, msomaji huona uhakika wa mizani ya dhahabu, na aliyeandika anajua kwamba ni makadirio yenye adabu.

Jambo lililonigusa zaidi, hata hivyo, linahusu jibu chanya lililo sahihi kabisa. Katika nchi ambako malaria haiondoki, watu wazima wengi hutembea na vimelea vichache katika damu bila kuugua, kwa kuwa miili yao imejifunza kuishi navyo. Mtu wa namna hiyo akipata homa kwa sababu ya mapafu au jino, darubini itaonyesha malaria, na itakuwa imesema kweli, na ukweli huo utampeleka daktari mahali pasipo ugonjwa. Niliwahi kudhani kwamba ukishapata ukweli kazi imekwisha. Hapa ukweli umepatikana, umetiwa rangi, umehesabiwa, na swali la kwa nini huyu mtu ana homa bado limekaa palepale kwenye benchi.

Majira nayo yana neno lake. Tuchukue mfano wa kubuni, wa ubaoni, usio wa labo yoyote: kipimo kinachowagundua wagonjwa 95 katika kila 100 na kuwasingizia wazima 5 katika kila 100. Katikati ya mvua, tuseme mwezi wa pili, waje watu 1,000 wenye homa, na 400 kati yao wawe na malaria kweli. Kipimo kitawapata 380 na kuwasingizia 30, kwa hiyo jibu chanya linastahili kuaminiwa. Sasa tuje mwezi wa sita, baridi na vumbi, mbu wachache, na kati ya watu 1,000 wenye homa wawe na malaria 20 tu. Kipimo kilekile, mikono ileile, kitawapata 19 na kuwasingizia 49. Mstari wa pili ukitokea, mwenye malaria kweli ni mmoja katika watatu au wanne. Niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa tano hesabu hii wiki iliyofuata na hakuna aliyekubali matokeo kabla ya kuirudia mara mbili, na mmoja aliniuliza kama basi kipimo kimeharibika wakati wa kiangazi.

Kuhusu Widal, labo hii haiifanyi. Nilipouliza kwa nini, nikijua kwamba kila kituo cha mtaa kinaiuza na wagonjwa wanaiomba wenyewe kwa jina, laboranti alisema kwamba hawezi kuuza kitu ambacho yeye mwenyewe hangekinunulia watoto wake. Kipimo hiki kilianzishwa Paris na Fernand Widal mwaka 1896, na kinachopima ni kingamwili, yaani silaha ambazo mwili ulizitengeneza dhidi ya bakteria wa homa ya matumbo au wa jamaa zake. Katika mji ambako wengi wamewahi kukutana na bakteria hao katika maji au chakula, silaha hizo zinaweza kuwa zimebaki ghalani tangu vita vya zamani, na 1/160 ya siku moja, bila kulinganishwa na kitu kingine, haimwambii mtu mengi. Kipimo cha heshima zaidi ni kuotesha damu, ambacho labo yetu haina vifaa vyake, na hicho nacho hukamata karibu nusu tu ya wagonjwa wa kweli. Ningependa wangeliandika jambo hili ukutani. Mgonjwa anayeambiwa tu «hatufanyi Widal» huchukua mguu wake na kwenda kuifanya kwa jirani.

Hapo ndipo ninapofika kwenye lawama yangu kubwa, ambayo haihusu vifaa. Tuliporudi Katuba na karatasi yenye majibu mawili, mjomba aliisoma, akaitazama nyuma kama kuna maandishi mengine, kisha akauliza swali ambalo wasomaji wengi wa hapa watalitambua: ikiwa wazungu na darubini yao hawajaona kitu, basi kitu hicho kimetumwa na nani? Usiku huohuo jina la mke mwenza wa zamani wa babu, mwanamke mzee aliyebaki peke yake katika mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, lilitajwa mara mbili sebuleni. Homa isiyo na jina kwetu haikai muda mrefu bila kutafutiwa mtu. Ile karatasi ya kwanza, pamoja na uongo wake, ilikuwa angalau haimshitaki binadamu yeyote. Nimelizungusha jambo hili kichwani mara nyingi, na bado sioni kwamba dawa yake ni kudanganya. Lakini labo inayoandika mpaka wa ujuzi wake inapaswa kujua kwamba upande wa pili wa mpaka huo hapakai patupu. Manabii, majirani na wajomba wanapajaza kabla ya saa 24 za kurudia kipimo hazijaisha. Sentensi moja zaidi ingetosha, kwa mfano kwamba homa nyingi hazipatiwi chanzo hata katika hospitali kubwa, na kwamba kutoonekana kwa chanzo ni jambo la kawaida katika kazi hii. Nilimweleza laboranti. Alifikiri kidogo akasema kwamba karatasi ni ndogo. Nadhani alikuwa anakwepa.

Tulirudi siku ya pili: hasi, nyuga 200. Tulirudi siku ya nne: hasi tena, na mara hii aliniita nyuma ya pazia nitazame mwenyewe. Niliona ukungu wa zambarau wenye viini vyeusi vya chembechembe nyeupe, na sikujua nitazame wapi. Kila doa lilionekana kuwa kimelea. Alicheka. Aliniambia kwamba mwaka wake wa kwanza kazini aliona malaria kila mahali, hata katika vumbi la rangi, na kwamba kujifunza kusoma darubini ni hasa kujifunza kuacha kuona.

Daktari wa kituo cha afya alizichukua karatasi zote tatu na kuzipanga mezani kwa tarehe. Alisema kwamba malaria sasa haielekei, ingawa hakusema haipo. Akaeleza dalili ambazo zikitokea tusingoje asubuhi: kutapika kila kitu, kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida, kushindwa kukaa. Kisha, kwa sababu ya umri wa mama, alimwandikia antibiotiki kwa tahadhari. Hapo mimi sikupendezwa, kwa kuwa niliona tayari jinsi mambo yatakavyokwenda, na ndivyo yalivyokwenda: homa ilishuka siku ya pili ya dawa, ambayo ilikuwa siku ya saba ya ugonjwa, wakati ambao homa nyingi za virusi huwa zimeshuka zenyewe. Ilikuwa dawa, au ilikuwa siku ya saba? Hakuna kipimo duniani kinachoweza sasa kurudi nyuma na kulijibu swali hilo. Mjomba anasema ni maombi ya Jumatano. Mama, nilipomweleza kwa urefu kwamba hatujajua alikuwa na nini na huenda tusijue kamwe, aliniuliza kama sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyobaki jana ipashwe moto au niletewe nyingine.

Sasa mambo ya kawaida ya tathmini, kwa ufupi. Bei haikuwa mbaya: kipimo cha haraka na tone nene pamoja tulilipa faranga 8,000 za Kongo, na marudio yalikuwa nusu ya bei bila sisi kuomba. Sindano ya kidole ilifunguliwa mbele yetu kila mara. Benchi ni jembamba na halina mgongo, jambo baya kwa mzee mwenye homa. Choo kiko uani na hakina mwanga. Risiti hutolewa ukiiomba tu. Kungoja ni kurefu, na sidhani kwamba kunaweza kufupishwa bila kuzipunguza zile nyuga 200, kwa hiyo hilo silihesabu kuwa kosa. Mwandiko unasomeka. Simu hupokewa. Nikiwapa nyota, nawapa nne kati ya tano, na ile moja ninaishikilia kwa ajili ya ile sentensi inayokosekana.

Ukienda, nenda kabla ya saa tatu asubuhi, wakati jua linaingia sawasawa kwenye lile dirisha, na mwambie laboranti dawa zote alizomeza mgonjwa katika wiki sita zilizopita, hata zile za farmasi ya kona ambazo watu huona haya kuzitaja. Vipande vya kioo vyenye damu hutunzwa mwezi mzima, kila kimoja na namba yake, katika sanduku la mbao, na daktari akitaka kimoja kisomwe tena na jicho lingine, hutolewa bila malipo. Vya mama vilikuwa namba 61, 64 na 70. Niliomba namba 61 isomwe na laboranti wa pili, anayekuja Alhamisi. Aliona doa moja ambalo alisema huenda ni kimelea na huenda ni uchafu wa rangi, na akaliandika hivyohivyo.